Wiki tatu za moto: Noeli na Bonane ndani ya bulanjeri ya Goma

Kuanzia katikati ya Desemba, bulanjeri za Goma, yaani nyumba za kuchomea mkate za mji wetu wa mashariki mwa Kongo, hazilali. Mwaka mzima mji huu unakula mkate kwa kipimo: mmoja na chai asubuhi, mwingine jioni kwa wale wasio na nafasi ya kupika. Noeli ikikaribia, kila nyumba inataka mkate wa siku mbili au tatu. Wageni wameshuka kutoka Masisi na Rutshuru, watoto wako likizo, kwaya zinafanya mazoezi hadi usiku, na makanisa yanaagiza mikate ya kugawa baada ya mkesha. Hujapumua, Bonane, yaani Mwaka Mpya, imeingia. Bonane ikiisha kuna tarehe 4 Januari, siku ya Mashahidi wa Uhuru, nayo watu wanashinda nyumbani na chai iko mezani. Kwa wiki hizo tatu mtu wa bulanjeri analiona jua asubuhi tu, wakati anaenda kulala.

Mimi nimekanda unga misimu mingi ya namna hiyo. Nilianza kama kijana wa kubeba mifuko, baadaye nikawekwa kwenye petren, ile mashine ya kukandia, na sasa nasimamia zamu ya usiku. Kuna jambo nimeliona kwa macho yangu, na ambalo wenye bulanjeri wengi hawapendi kulisikia, hata wafanyakazi wenyewe wakati mwingine: uchovu unakula akili kabla haujala nguvu. Mtu anaweza kubeba mfuko wa kilo 50 saa tisa ya usiku bila kuyumba, na mtu huyohuyo asikumbuke kama chumvi ameshaitia au bado. Ukimtazama unaona mwili mzima, unasema huyu bado anaweza. Kumbe kilichobaki ni mikono tu. Ndiyo maana nasema usingizi wa wafanyakazi unapaswa kupangwa mapema, pamoja na unga, kuni na maji. Usipopangwa, mkate unaharibika na watu wanaumia.

Kwetu zamu ya usiku inaingia saa kumi na moja jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Sababu si kazi peke yake, ni barabara pia. Katika Goma mtu anayetembea saa tano usiku kuelekea mitaa ya Majengo au Ndosho anahatarisha maisha yake, na wenye pikipiki wengi hukataa kabisa kwenda huko saa hizo. Kwa hiyo ukiingia umeingia. Hata kazi ikiisha saa nane, unabaki humo mpaka kupambazuke. Wenye mali wanalijua hilo, na hapo ndipo zamu ya saa kumi na tatu inapogeuka ya saa kumi na sita bila mtu kuona kwamba kuna kilichobadilika. Watu wako ndani, tanuri lina moto, wateja wamejaa mlangoni, basi mnaambiwa: malizieni mfuko mmoja tu. Mfuko mmoja, tangu kuukanda hadi kuutoa motoni, ni saa tatu au nne. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 imeweka kikomo cha saa 45 kwa wiki. Desemba, sisi saa hizo tunazimaliza usiku wa nne.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi wanaujua mkate kuanzia dukani.

Mchana chukudu zinaleta unga na kuni. Chukudu ni kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili ambacho mji huu umekijengea sanamu yenye rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na kwa haki kabisa, kwa sababu bila wale vijana wanaozisukuma kupanda na kushuka juu ya mawe ya lava, soko zima lingesimama. Unga karibu wote ni wa ngano ya kutoka nje. Meli zinashusha Mombasa au Dar es Salaam, halafu malori yanakuja kwa njia ya Uganda au ya Rwanda. Ngano kidogo inalimwa milimani kule Lubero, lakini haiwezi kulisha matanuri ya mji. Maji nayo yana safari yake: Goma iko kando ya ziwa, na bado watu wake wanahangaika na bidoni, yale madumu ya njano ya maji, kila siku. Sisi tunajaza matangi kabla ya jua kuzama. Usiku hakuna pa kuyatafuta.

Mfuko wa kilo 50 unakunywa maji lita 28 hadi 30, chumvi kilo moja hivi, na levire, ile chachu kavu, pakiti moja ya gramu 500. Sukari na mafuta kila nyumba ina kipimo chake. Unapima, unamimina, petren inazunguka, na baada ya muda unga unaanza kujishika, unaacha kung'ang'ania ukingo, unang'aa. Papa aliyenifundisha, mzee wa tanuri, hakuwa na saa mkononi. Aliniambia niguse: donge likiwa laini kama ndewe la sikio, zima. Halafu kipande kidogo ukivute polepole kwa vidole vya mikono miwili mpaka kiwe utando mwembamba. Kikipitisha mwanga wa taa bila kupasuka, donge limeiva. Kikipasuka, rudisha.

Jambo ambalo halionekani kwa macho ni joto. Goma iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa ziwa ukivuma, chumba cha kukandia kinakuwa baridi. Donge linataka nyuzi 24 hadi 26. Kwa hiyo jioni tunapasha maji kidogo kando ya tanuri. Lakini mwezi wa Desemba tanuri halizimwi. Ikifika saa sita usiku kuta zimeshika moto, petren yenyewe imezunguka saa nyingi na inaupasha unga kwa kuusugua, na mifuko iliyosogezwa karibu imepata joto. Mkandaji mwenye akili timamu anaanza kutumia maji ya baridi bila kuambiwa. Aliyechoka anaendelea na yale ya uvuguvugu, kwa sababu mkono wake umeshazoea kuchota kwenye ndoo ileile. Donge linakimbia, linaumuka kabla wakataji hawajamaliza, vipande vya mwisho vinalegea juu ya plato, zile sinia za kuchomea, na kutanuka ubavuni. Nimeona jambo hilo mara nyingi sana, na kila mara lilitokea kati ya saa nane na saa kumi. Jioni mtu huyohuyo hafanyi hivyo.

Halafu kuna ile dawa ya haraka. Maagizo yakizidi, kila mtu anafikiria levire. Ongeza pakiti, donge litapanda kwa nusu saa, tutawahi. Ni kweli litapanda. Mkate unatoka mkubwa, mwepesi, una harufu kali ya chachu, na ukiushika ukiwa moto unaonekana mzuri kuliko wa siku zote. Kesho yake umekauka, ukiukata unamwagika mezani. Mkate unataka muda wa kukaa ili upate ladha na nguvu ya kushikana, na muda huo haununuliwi kwa pakiti. Mwenye mali mmoja alitulazimisha kufanya hivyo mkesha wa Noeli. Yeye aliuza yote kufikia saa moja asubuhi na akafurahi. Walioumia ni akina mama.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wakiongelea mkate wa Noeli wanasahau hawa. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri wanakuwa wamefika mlangoni, na mabeseni, vitenge vya kufunikia, karatasi za nailoni kwa ajili ya mvua. Wengine wamelala kwa jamaa anayeishi jirani ili wasipite njiani gizani. Wanachukua mkate kwa deni: unaandikiwa kwenye daftari, unakwenda kuuza Birere, soko la Virunga, Alanine, mlango kwa mlango, jioni unarudisha pesa ya watu na kubaki na kidogo chako. Faida yao yote iko kwenye mikate michache ya mwisho ya beseni. Ile ya kwanza ni ya deni. Sasa mkate usioweza kulala hata usiku mmoja unamaanisha kwamba kila kinachobaki jioni ni hasara ya mama, si ya bulanjeri. Asubuhi ya tarehe 26 mmoja wao alirudi, mama mtu mzima ambaye watoto wake nawajua. Hakupiga kelele. Aliumega mkate mbele yangu ukasambaratika mkononi mwake, akaniuliza:

"Mtoto wangu, huu mimi nitauza kwa nani?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba nitamfikishia patroni, mwenye bulanjeri, na nilimfikishia. Deni halikupunguzwa. Tangu siku hiyo nikipewa amri ya kuongeza levire nakataa, na nasema wazi kwamba nakataa kwa ajili ya mabeseni yale. Ukikubali kufanya kazi ya chakula, umekubali kumwajibikia yule wa mwisho anayekishika.

Desemba ya 2019 ndiyo iliyobadilisha mpangilio wetu wote. Mwaka ule Ebola ilikuwa bado haijaisha Kivu Kaskazini. Mgonjwa wa kwanza ndani ya Goma alikuwa ameonekana mwezi wa Julai, na kila mlango wa mji ulikuwa na ndoo ya maji ya klori na mtu wa kupima joto kwenye paji la uso. Kwetu tulinawa tukiingia, tukitoka chooni, kabla ya kukata, baada ya kupokea pesa. Ilikuwa lazima, na sikuwahi kumsikia mwenzetu akilalamikia kunawa. Lakini klori, unga mkavu na chumvi vikikutana kwenye ngozi moja usiku kucha, vidole vinapasuka. Ukiingiza mkono kwenye chumvi kupima, machozi yanakutoka. Kwa hiyo maumivu yalikuwepo, kelele ya jenereta ilikuwepo kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na maagizo ya makanisa yalikuwa yamepokelewa bila mtu kuhesabu kama tunaweza.

Mwenzangu wa petren alikuwa amefanya usiku mbili mfululizo na mchana wa katikati yake. Mke wake alikuwa amejifungua, alitaka pesa ya kutoka hospitalini. Nani angemkataza? Petren yetu ilikuwa ya zamani, ile kinga ya chuma juu ya chungu ilikuwa imetolewa muda mrefu kabla yangu, kisa inachelewesha. Ilikuwa saa tisa na kitu. Nilikuwa nafungua mfuko, nimempa ubavu. Nikamwona anainama na kuingiza mkono kukwangua unga uliokwama ukingoni, jambo tunalofanya kila siku mashine ikiwa imesimama.

Haikuwa imesimama.

Mkono wa shati ulishikwa kwanza, halafu kifundo. Swichi ilikuwa upande wangu, nikaipiga kwa kiganja. Chuma kilizunguka tena nusu, kikatulia. Tulimtoa polepole, unga umemganda mpaka kwenye kiwiko, hajapiga kelele hata moja, anatutazama tu. Mifupa haikuvunjika, lakini kifundo kilitenguka na alikaa muda mrefu bila kushika kitu kizito. Mpaka leo nakumbuka alichosema tulipomkalisha juu ya mifuko:

"Yaya," yaani kaka mkubwa, "nilidhani imezimwa."

Petren ikizunguka inanguruma, huwezi kuongea na mtu bila kupaza sauti. Alikuwa amesimama mbele yake kabisa. Masikio yalikuwa yanasikia, kichwa hakikupokea. Mtu huyu ndiye aliyekuwa makini kuliko sisi sote. Ndiyo maana simkubalii mtu anayesema ajali ni za wazembe.

Mzee wa tanuri aliacha kazi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mtu aliyeanza kuchoma mkate kabla ya volkeno ya Januari 2002, na bulanjeri aliyoanzia ilifunikwa na lava. Alichukua ile pala ndefu ya kuingizia mikate, akailaza kwenye mdomo wa tanuri, akatuambia tukae.

"Papa, mikate ya kanisa je?" mmoja wetu akauliza.

"Mkate ukichelewa watu watasali kwanza, watakula baadaye. Laleni kidogo, nusu nusu. Nitawaamsha."

Tukalala kweli, wa kwanza nusu saa juu ya mifuko mitupu, halafu wa pili. Niliamka nikiwa na baridi na kichwa kizito, nikafikiri nimezidi kuchoka. Baada ya dakika chache kichwa kikafunguka, nikauona unga tena. Nilitia mkono kwenye ndoo nikagundua maji ni ya moto mno kwa saa ile. Kabla ya kulala nilikuwa nayatumia hayohayo.

Patroni alipofika alfajiri akakuta foleni ndefu na mikate haijatosha, kulikuwa na maneno. Sitayaandika yote. Mzee alimjibu kwa adabu, bila kuinua sauti, kwamba akitaka watu wasiolala anunue mashine nyingine, na kwamba yule kijana ana mtoto wa siku nne. Tulisimama nyuma yake sote. Hakuna aliyefukuzwa, na mwenzetu alilipiwa matibabu ingawa tulibishana wiki nzima. Naamini kama tungekwenda mmoja mmoja tungepata jibu lingine.

Tangu hapo Desemba yetu ina utaratibu. Watu wanagawanywa makundi matatu, na usiku kila kundi linalala kwa zamu, sehemu iliyo mbali na moto na mbali na vumbi la unga. Tuligundua kwamba nusu saa inatosha kwa anayekanda, na kwamba ukimwacha mtu saa nzima anaamka mlegevu na anachukua muda kurudi kazini. Anayeamka hashiki petren wala hasogei kwenye tanuri mpaka anawe uso na anywe kitu cha moto. Ukutani kuna ubao wa chaki: kila mfuko una mstari wake, na kila kitu kikitiwa, unga, maji, chumvi, levire, aliyetia anaweka alama palepale. Mwanzoni vijana waliona ni mambo ya shule. Sasa wao wenyewe wanakasirika chaki ikikosekana. Kinga ya petren ilirudishwa na fundi wa kuchomelea. Usiku wa kwanza wa utaratibu huo tulitoa mikate michache kuliko tulivyozoea. Baada ya hapo hesabu ikawa ileile, kwa sababu plato za kutupa zilipungua.

Maagizo nayo yana siku ya mwisho. Kanisa linalotaka mikate ya mkesha linaleta karatasi na malipo ya kwanza kabla ya tarehe 18, na maagizo yakishafika kiasi cha tanuri letu tunamwambia mtu aende kwa jirani. Hili lilikuwa gumu kwa patroni kuliko yote. Kumrudisha mteja mwenye pesa mkononi, mwezi wa Desemba, katika mji ambao haujui kesho kutakuwa na amani au hapana, kunahitaji moyo. Namwelewa. Lakini kupokea pesa ya mkate ambao huna mikono ya kuutengeneza ni kukopa kwenye miili ya watu.

Kuhusu malipo, nizungumze na wenzangu wa kazi moja kwa moja. Sehemu nyingi mkandaji na wakataji wanalipwa kwa mfuko. Inaonekana ni haki: mfuko mwingi, pesa nyingi. Lakini angalieni kilichotokea 2022. Vita vya Ukraine vilipoanza mwezi wa Februari, bei ya ngano duniani ilipanda, na Juni ya mwaka huohuo Bunagana, mji wa mpaka na Uganda, ikaangukia mikononi mwa waasi, barabara ya Uganda ikawa shida. Bulanjeri nyingi hazikupandisha bei ya mkate mdogo, zilipunguza uzito. Mnunuzi aliona mkate umekonda. Kitu ambacho hakikuonekana ni hiki: mfuko mmoja unatoa kama kilo 80 za donge. Ukikata vipande vya gramu 200 unapata 400. Ukishusha hadi gramu 160 unapata 500. Vipande 100 zaidi vya kupima, kuviringisha, kupanga kwenye plato, kuingiza na kutoa, kwa malipo yaleyale ya mfuko mmoja. Wakataji walikuwa wanatoka asubuhi mabega yamekufa na hawajui kwa nini, maana idadi ya mifuko haikuongezeka. Sisi tulikaa chini na daftari, tukamwonyesha patroni hesabu hiyo, tukakubaliana malipo ya wakataji yafuate idadi ya vipande. Hesabu iliyoandikwa ilimshinda kuliko malalamiko ya miezi yote. Na mkubaliane mapema, mwanzoni mwa Desemba, pamoja na malipo ya saa zinazozidi. Tarehe 24 usiku hakuna mtu mwenye nafasi ya kuzungumza, na tarehe 2 Januari kila mtu ameshasahau alichoahidi.

Mambo madogo ya mwili. Ukiungua kwa plato, na utaungua, weka mkono kwenye maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, usipake dawa ya meno wala yai. Vumbi la unga nalo usilizoee: kuna wenzetu wanaoanza kwa kupiga chafya kila wakifungua mfuko, baada ya miaka wanabanwa na kifua usiku. Fungua mfuko chini, karibu na chungu, umimine polepole, na ufunge kitambaa puani. Maji ya kunywa yawe karibu, kwa sababu mbele ya tanuri mtu anakauka bila kusikia kiu. Na kula. Mikate imekuzunguka usiku kucha na bado unaweza kufika asubuhi hujala kitu. Sisi tunachanga, mmoja analeta sambaza, vile visamaki vya ziwani, na maharage, tunakula pamoja saa sita, na katika mwezi ule hicho ndicho chakula chetu cha sikukuu, kwa sababu nyumbani wanakula pilau wakati sisi tumelala.

Limebaki la mlango, na hili naliona ni kubwa kuliko mengine yote. Kwa sababu ya wezi, bulanjeri nyingi zinafungwa kwa nje usiku. Kufuli kubwa, ufunguo kwa patroni nyumbani au kwa mlinzi. Ndani kuna moto usiozimwa, kuna kuni kavu, mifuko mitupu, mafuta ya jenereta, vumbi la unga hewani. Msimu mmoja wa Bonane cheche iliruka ikaangukia rundo la mifuko, ikashika. Moshi ulijaa chini ya mabati kwa muda mfupi sana. Tulimwita mlinzi, hakuwepo, alikuwa amekwenda kutafuta sigara. Tulizima wenyewe kwa maji ya bidoni, yale tuliyokuwa tumeyajaza jioni kwa ajili ya kukandia, na hakuna aliyeumia. Kazi yote ya usiku ule ilisimama kwa kukosa maji, na hakuna aliyethubutu kutulaumu. Asubuhi tulimwambia patroni kwamba hatuingii tena mpaka ufunguo ukae ndani. Alihofia wizi, tukamwambia unga wake ukipungua hata kilo moja atukate kwenye malipo. Alikubali.

Kila Desemba naona vijana wapya wanakuja kuomba kazi ya msimu, wengine walikimbia vita, wengine wanatafuta pesa ya shule ya Januari. Nawapenda, ni wenye bidii, na wanaogopa kuuliza wasije wakaonekana wajeuri. Mdogo wangu, uliza. Uliza unalipwa kwa mfuko, kwa kipande au kwa usiku, na lini. Uliza wenzako wanalala saa ngapi na wapi. Angalia kama petren ina kinga, na swichi iko upande gani. Halafu muulize anayekuajiri ufunguo wa mlango unakaa wapi usiku. Akikujibu kwamba anao yeye nyumbani, usiingie.